Wanuri Kahiu: Anza na Pumzi, Halafu Usilale

Anza na Pumzi. Watakuja watu wakwambie uanze na Rafiki, filamu nyingine ya Wanuri, kwa kuwa ndiyo iliyovuma, ndiyo iliyofika Cannes, ndiyo iliyopelekwa mahakamani. Waambie zamu yake itafika. Zima taa, weka simu mbali, uitazame Pumzi kwanza, dakika ishirini na kidogo tu, halafu utoke nje utembee, maana kukaa hutaweza. Mimi nimeitazama hapa Kibarani, Kilifi, na tangu hapo kila ninayekutana naye njiani namshika mkono: umeiona? Hujaiona? Unangoja nini?

Habari yenyewe ni hii. Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya kugombea maji, vimekwisha miaka 35 iliyopita, na juu ya ardhi hakuna kilichosalia. Watu wa Afrika Mashariki wanaishi ndani ya mji uliofungwa kila upande. Humo hakuna tone linalopotea: jasho linakusanywa, mkojo unasafishwa, vyote vinarudi kwenye chupa na vinanywewa. Umeme unatoka kwenye misuli ya watu wanaohangaika juu ya mashine. Hata ndoto zimekatazwa. Ukiota, sauti ya mtambo inakuamuru umeze dawa ya kuzizima. Asha, anayeigizwa na Kudzani Moswela, ni mtunzaji wa makumbusho ya viumbe vilivyotoweka. Siku moja analetewa kifurushi kisicho na jina la mtumaji, na ndani mna udongo. Anaupima, unaonyesha unyevu. Anafukia mbegu humo. Mbegu inachipua.

Na kuanzia hapo, jamani, roho iko mkononi! Wakubwa wanamkatalia kutoka. Askari wanaingia. Mche mdogo, majani mawili, ndio mzigo pekee anaouokoa, na anatoka nao kwenye jua kali la jangwani huku kamera imemganda usoni, kwenye midomo iliyokauka, kwenye vidole vilivyozunguka shina lile. Siwezi kukwambia mwisho. Nitasema hili tu: nimeona filamu za mamilioni ya dola, zenye majeshi na majengo yanayoporomoka, na hakuna hata moja iliyonifanya niogope kumwagika kwa funda moja la maji.

Filamu hii ilitengenezwa 2009, ikapigwa Afrika Kusini, na Januari 2010 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance huko Marekani. Mkenya, Wanuri Kahiu, alikuwa ametuletea hadithi ya kubuni ya kisayansi, na mara moja likazuka lile swali la kuchosha: mambo ya anga na mitambo ni yetu hayo? Mtu wa pwani hii hawezi kuuliza hivyo. Nenda Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, uyatazame majukwaa ya San Marco ambayo Waitaliano waliyasimika baharini miaka ya 1960. Kutoka pale, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani ikapewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei angani. Kwa hiyo roketi zilipanda juu ya mashua za wavuvi wetu, Wanuri akiwa hajazaliwa bado. Mwenzetu huyu hakuazima ndoto ya mtu. Aliichukua iliyokuwa imelala hapa hapa bila mwenyewe.

Tena Pumzi ina jambo jingine linaloniuma kama Mkilifi. Mwaka 2022 mibuyu ya kaunti hii ilichimbuliwa mashambani pamoja na mizizi yake ili isafirishwe baharini hadi Georgia, nchi ya mbali kando ya Bahari Nyeusi, ikapandwe kwenye bustani. Kelele zilipigwa, na Novemba mwaka ule Rais Ruto akaamuru uchunguzi juu ya vibali vyake. Mibuyu! Miti ambayo wazee wetu walifanyia matambiko chini yake, imelazwa kama magogo. Itazame Pumzi ukiwa umeiona picha ile, uone kama utabaki na macho makavu. Asha anahatarisha uhai wake kwa mche mmoja. Sisi tulikuwa tukiuza miti iliyokuwa imesimama tangu kabla ya babu wa babu zetu.

Na ndani ya Pumzi hakuna maneno mengi. Watu wa mji ule hawaongei kwa vinywa. Mawasiliano yao yanapita kwenye mitambo na kutokea kwenye skrini, na yaliyobaki yote yanasemwa na macho na mikono. Hapa Kibarani tuna shule ya viziwi. Nasema kwa moyo wote: filamu hii ionyeshwe pale, ukutani, kwa shuka jeupe na projekta, wanafunzi wote wakae mbele. Sidhani kama kuna filamu nyingine ya Kenya ambayo wataipata nzima kama hii.

Basi ndipo nikaanza kumtafuta aliyeitengeneza, nikazifuata kazi zake moja baada ya moja, na kila nilipodhani nimemjua akawa amekwisha kuhamia mtaa mwingine. Wanuri Kahiu alizaliwa Nairobi 1980, akasoma Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, kisha akajifunza uongozaji wa filamu kule UCLA, Los Angeles. Kila kazi yake ni ya aina yake: msiba wa taifa, kisha wakati ujao uliokauka, kisha mapenzi ya ujana, kisha vichekesho vya Kimarekani, kitabu cha watoto juu ya Turkana, na sasa tamthilia ya televisheni ya karne ya 19 yenye vyombo vya kuruka. Wapo watakaoiita tabia hii kutangatanga. Ukizitazama zikifuatana, kama nilivyofanya mimi, unamkuta mtu yule yule ndani ya kila moja: kijana mwenye kitu mikononi anachokitengeneza, kitu ambacho waliomzunguka wanadhani hakiwezekani au hakitakiwi, na kamera inayokataa kuondoka kwenye mikono hiyo.

Angalia From a Whisper, filamu yake ndefu ya kwanza, ya 2008. Ilitoka miaka 10 baada ya shambulio la tarehe 7 Agosti 1998 kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, lililoua zaidi ya watu 200. Mwongozaji mwingine angetuanzia na moshi na ving'ora. Yeye anatupa Tamani, msichana mchoraji aliyempoteza mama siku ile na ambaye hajapata mahali pa kuuweka msiba wake. Anatupa pia Abu, afisa wa ujasusi, Mwislamu, anayeigizwa na Ken Ambani, ambaye rafiki yake wa karibu alikuwa miongoni mwa walioleta bomu. Hawa wawili, yule aliyefiwa na yule aliyebaki na aibu ya rafiki, wanakutana na kusaidiana kutafuta. Ambani hapazi sauti. Anabeba filamu nzima mabegani, na jinsi anavyomtazama Tamani unajua ana neno kooni ambalo hawezi kulitoa.

Sisi wa Kilifi tunaitazama filamu hii tukiwa na kumbukumbu yetu wenyewe. Tarehe 28 Novemba 2002 bomu lililipuka katika hoteli ya Paradise pale Kikambala, ndani ya kaunti hii, likaua Wakenya 10 na Waisraeli 3, wakiwemo wachezaji ngoma waliokuwa wamejipanga kuwalaki wageni. Baada ya siku zile kijana wa Kiislamu wa pwani akipita kwenye kizuizi cha polisi alitazamwa kwa jicho jingine. From a Whisper inamfungulia mlango kijana huyo, inaketi naye msikitini na nyumbani, inamsikiliza anapobishana na rafiki yake juu ya dini na damu. Ilihitaji ujasiri mkubwa kwa mwongozaji ambaye ndiyo kwanza anaanza, na mwaka 2009 Tuzo za Filamu za Afrika, AMAA, zikampa ushindi wa mwongozaji bora na wa muswada bora. Uhaba wa fedha unaonekana hapa na pale, sikatai. Lakini moyo wake ni mzito kuliko filamu kumi zenye taa nzuri.

Na sikiliza hili! Tuzo ya muziki ya mwaka ule ilikwenda kwa filamu hiyo hiyo, kwa wimbo Uko Wapi wa Maia Lekow. Maia huyu baadaye, pamoja na Christopher King, akaiongoza The Letter, filamu ya hali halisi iliyotoka 2019 juu ya familia moja ya pwani yetu ambayo bibi yao mkongwe anashutumiwa uchawi, na mjukuu anarudi kutoka Mombasa kutafuta ukweli. Wote tunaoishi Kilifi tunajua shutuma hizo zimewaua wazee wangapi. Kenya iliipeleka filamu hiyo kuwania Oscar. Hebu fikiria: msanii aliyeimbia filamu ya Wanuri ndiye aliyekuja kuketi nasi vijijini miaka na miaka na kamera, akatutazama bila kutudharau. Sinema ya Kenya ni familia, na familia hii inazidi kukua.

Kazi ya Wanuri ya televisheni ilianza mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwaka 2009 huo huo alitengeneza For Our Land, filamu ya hali halisi juu ya Wangari Maathai, kwa ajili ya M-Net. Kwa mara nyingine ni mikono, na safari hii mikono ya kweli: ya mama aliyepanda miti hadi dola ikamwogopa, akashinda Nobeli ya Amani 2004. Zitazame For Our Land na Pumzi jioni moja uone zinavyosemezana.

Sasa Rafiki. Yamesemwa mengi mno juu ya mada yake na machache mno juu ya utengenezaji wake, na hapo ndipo ninapotaka kupapigia kelele. Imetokana na hadithi fupi ya mwandishi wa Uganda Monica Arac de Nyeko, Jambula Tree, iliyoshinda Tuzo ya Caine 2007. Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaogombea kiti kimoja cha uwakilishi wa wadi jijini Nairobi, nao wanapendana. Samantha Mugatsia ndiye Kena, kofia, ubao wa magurudumu, mpira na wavulana, maneno machache. Sheila Munyiva ndiye Ziki, na nywele zake! Zambarau, waridi, samawati, zinaingia kwenye fremu kabla yeye hajaingia. Mtaa mzima umepakwa rangi: khanga kwenye kamba, kuta, vibanda, matunda, gari bovu lililoachwa kwenye nyasi ambalo wasichana wanaligeuza chumba chao cha siri. Nilikuwa nimezoea Nairobi ya filamu iwe ya vumbi na bastola. Hii ni Nairobi iliyooga ikavaa nguo za sikukuu, na hata pale ukatili unapoingia, na unaingia kwa kishindo cha kuumiza, rangi zile ndizo zinazokufanya uone kilichovunjwa.

Kena anajiona atakuwa muuguzi. Ziki anamwambia: kwa nini usiwe daktari? Basi, swali moja, na uso wa Mugatsia unabadilika kama dirisha lililofunguliwa. Uigizaji huo ulimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike FESPACO, Ouagadougou, 2019.

Mei 2018 Rafiki ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes, katika kitengo cha Un Certain Regard. Wakati huo nyumbani ilikuwa tayari imepigwa marufuku. Wanuri amesimulia hadharani kwamba Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilitaka abadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini mno, naye akakataa. Akaenda Mahakama Kuu, na Septemba mwaka ule Jaji Wilfrida Okwany akasimamisha marufuku kwa siku 7. Siku saba! Watu walipanga foleni, ukumbi wa Prestige jijini Nairobi ukajaa, wakaongezewa maonyesho. Mwaka 2020 mahakama ikaupitisha uamuzi wa bodi. Na mwisho wenyewe uliozua vita vyote hivyo una nini? Mkono mmoja unaowekwa begani, basi. Nimeurudia na kuurudia, na bado sijui mwongozaji mwingine ambaye angethubutu kukomea pale.

Kuna falsafa nyuma ya rangi hizi, naye ameitangaza waziwazi, kwenye jukwaa la TED 2017 kwa mfano: Afrobubblegum, sanaa ya Kiafrika inayodai haki yake ya kuwa na furaha, vituko na ndoto, bila kulazimika kila mara kufundisha juu ya vita, njaa au UKIMWI. Namuunga mkono kwa mikono miwili. Mtoto wa Kibarani akiwasha televisheni anastahili kumwona mtu anayefanana naye akicheka.

Look Both Ways, ya Netflix, Agosti 2022, ndiyo iliyonitia wasiwasi kabla sijaibonyeza. Chuo kikuu cha Texas, Los Angeles, wazungu, vichekesho vya mapenzi. Nikasema hapa atapotea. Hakupotea! Natalie, anayeigizwa na Lili Reinhart, anapima ujauzito usiku wa kuhitimu, na maisha yake yanagawanyika mbele ya macho yetu: upande mmoja anarudi kwa wazazi kulea mtoto, upande wa pili anakwenda kutafuta kazi ya katuni. Tunaziona njia zote mbili zikipishana hadi mwisho, na hupotei hata dakika moja. Natalie anafanya nini katika maisha yote mawili? Anachora. Tamani amerudi! Ndiyo filamu yake nyepesi kuliko zote, na sidhani kama nitairudia mara nyingi kama Pumzi, lakini Mkenya kukabidhiwa filamu ya aina hiyo na kuiendesha kwa wepesi ule ni jambo kubwa.

Usikipite kitabu chake cha watoto, The Wooden Camel, cha 2017. Etabo, mvulana wa Turkana, anataka kushindana mbio za ngamia, lakini ngamia wameuzwa kununua maji. Dada yake Akiru anachukua kisu na kumchongea ngamia wa mbao. Mikono tena, ukame tena.

Na sasa, Washington Black! Vipindi 8, vilitoka vyote kwa mpigo Julai 2025, Hulu kule Marekani na Disney+ kwingineko, na Wanuri ni miongoni mwa waongozaji wake. Imetokana na riwaya ya Esi Edugyan ya 2018. Wash ni mtoto mtumwa kwenye shamba la miwa Barbados, na ana kipaji kisichoelezeka cha kuchora na cha sayansi. Anatoroka kwa chombo cha kuruka na mzungu mvumbuzi aitwaye Titch, na dunia nzima inafunguka mbele yake: bahari, barafu, Halifax ya Kanada. Eddie Karanja ndiye Wash mdogo, Ernest Kingsley Jr. ndiye Wash mkubwa, na Sterling K. Brown anaigiza Medwin kwa utulivu wa baba aliyeona mengi. Kitoto kile kinaposhika kalamu kuchora samaki, utadhani hakuna viboko duniani. Nilipiga kelele mwenyewe chumbani: ni Asha huyo! Ni Tamani!

Tena hadithi hii si ngeni kwetu. Karne hiyo hiyo mashamba ya nafaka ya Malindi yalilimwa na watumwa, na waliofaulu kukimbia, watoro, walijenga makazi yao huku bara, Fuladoyo ikiwa moja ya yaliyojulikana sana. Tuna akina Wash wetu, hatujawapigia hata picha moja.

Ndiyo maana natoa ombi langu waziwazi: Wanuri, njoo Kilifi utengeneze Mekatilili wa Menza. Mfululizo kamili, si dakika chache za kumbukumbu. Mwaka 1913 Waingereza walitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi kwa ajili yao. Mama huyu akazunguka vijiji akicheza ngoma ya kifudu, akawalisha watu kiapo, akakamatwa na kupelekwa mbali hadi nchi ya Wakisii, akatoroka, akarudi kwa miguu. Na inasimuliwa kwamba alifika barazani kwa Arthur Champion, mtawala wa Kiingereza, na kuku na vifaranga vyake, akamwambia anyooshe mkono achukue kifaranga kimoja aone mama atafanya nini. Hiyo ndiyo kazi yako kabisa! Mama yumo, ndege yumo, na safari hii mkono tunaoufuata kwa kamera ni wa yule anayekuja kunyang'anya. Ipigwe huku huku, kwa Kigiriama na Kiswahili, kwa rangi zako zote, na wachezaji ngoma watoke Kibarani, Tezo na Ganze. Waigizaji tunao. Leta kamera.